Kuyumba kwa Umakini: Jina la ADHD Linalomfaa Mwanamke Mtu Mzima

Herufi nne za ADHD zimeingia katika mazungumzo ya Kiswahili bila jina la kuzisindikiza. Daktari akizitaja redioni hulazimika kuongeza maelezo, na kila mmoja ana yake: upungufu wa umakini na utukutu, tatizo la usikivu, ugonjwa wa kutotulia. Majina haya yote humpeleka msikilizaji kwa mtoto, tena mtoto wa kiume, anayepanda juu ya dawati na kugombana na wenzake. Mama wa miaka 38 wa kata ya Ipelele wilayani Makete, ambaye tangu darasa la pili anapambana na kichwa kinachohama kila mara, hawezi kudhani kwamba anazungumziwa yeye.

Makala haya yanapendekeza jina moja, kuyumba kwa umakini, na kueleza kwa nini linafaa kuliko hayo mengine. Jina la hali ya kiafya hutangulia tiba: mtu asipolitambua kuwa lake, hafiki zahanati.

Lilikotoka jina

Mwaka 1902, daktari wa watoto George Still alitoa mihadhara mbele ya Chuo cha Kifalme cha Madaktari mjini London kuhusu watoto walioshindwa kujizuia ingawa akili zao zilikuwa timamu. Aliita hali hiyo kasoro ya kujitawala kimaadili. Lawama ilikuwamo ndani ya jina tangu mwanzo.

Mwaka 1968, toleo la pili la DSM, mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani, liliondoa maadili na kuweka mwili: ikawa hali ya watoto ya kuhangaika kupita kiasi. Muda mfupi baadaye mwanasaikolojia Virginia Douglas wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, alionyesha kwamba shida kubwa ya watoto hawa ilikuwa kudumisha umakini na kujizuia, na kwamba purukushani za mwili zilikuwa sehemu tu ya jambo. Toleo la 1980 likatanguliza umakini katika jina, na lile la 1987 likaleta jina linalofupishwa ADHD. Toleo la 2013 liliongeza mifano ya watu wazima, na badala ya kudai dalili zionekane kabla ya miaka 7, likasogeza mpaka hadi miaka 12. Shirika la Afya Duniani nalo, katika orodha yake ya magonjwa ya ICD-11 iliyoanza kutumika Januari 2022, liliacha jina lake la zamani lililojengwa juu ya wepesi wa mwili.

Kwa hiyo tunapotafsiri ADHD kwa kuanza na utukutu, tunaleta katika Kiswahili fikra ya mwaka 1968, ambayo wenye jina lenyewe waliiacha miaka mingi iliyopita.

Kupima maneno yaliyopo

Tuanze na usikivu. Kwetu msikivu ni anayesikia na anayetii. Ukisema mke wa fulani ana tatizo la usikivu, ukoo mzima utaelewa kwamba habebi maagizo, na kikao kitaitishwa. Neno umakini ni salama zaidi, tena linatumika kila siku. Uzingativu ni neno sahihi kitaalamu, ila halijashuka sokoni.

Upungufu nalo lina dosari. Linaonyesha kwamba umakini haupo wa kutosha, kama unga uliopungua debeni. Lakini mwanamke huyohuyo anayeunguza maharage kila wiki anaweza kukaa na sindano zake akafuma sweta la mtoto tangu saa mbili usiku hadi jogoo wa kwanza, bila kuinua kichwa wala kuhisi njaa. Umakini anao. Kinachomshinda ni kuupeleka pale unapotakiwa, kuubakiza hapo, na kuutoa wakati wa kuutoa.

Neno la hatari kuliko yote ni kutotulia. Kwa mtoto halina ubaya. Kila mama amewahi kusema mwanangu hatulii. Kwa mwanamke mtu mzima maana hubadilika. Mwanamke aliyetulia ni yule mwenye mwenendo mwema, na asiyetulia anashukiwa katika ndoa yake. Hakuna mama atakayesimama mbele ya nesi, mume wake akiwa kwenye benchi nje, na kusema ana ugonjwa wa kutotulia. Jina linalomvunjia heshima litamfungia mlango kabla hajapimwa.

Kuyumba kunakwepa mitego hiyo. Biashara huyumba, afya huyumba, na hata mtu mwenye heshima zake huweza kuyumba. Neno hili linasema kwamba kitu kipo ila hakijashikwa sawasawa, kama lori la viazi lenye injini nzima na usukani uliolegea. Tena linabeba tumaini, kwa sababu kinachoyumba huegemezwa. Sehemu ya pili ya ADHD, ile ya mwili na msukumo, tuna maneno yake tayari: mhangaiko na papara. Jina kamili la kitaalamu liwe hitilafu ya kuyumba kwa umakini na mhangaiko. Katika mazungumzo, kuyumba kwa umakini kunatosha. Tusiseme mtindio wa ubongo, kwa kuwa hiyo ni hali nyingine kabisa, wala ugonjwa wa akili kwa ile sauti ya mtaani inayomaanisha kichaa.

Mkoa wa Njombe, ilipo Makete, unajua faida ya jina lililo wazi. Ugonjwa mpya ulipoonekana Kagera mwanzoni mwa miaka ya 1980, watu waliuita Juliana, jina la vazi lililouzwa mpakani. Lilipokuja neno Ukimwi, yaani ukosefu wa kinga mwilini, lilibeba maelezo ndani yake: aliyelisikia alijua kilichokosekana na kilikokosekana. Katika mkoa huu ulioumizwa na janga hilo kuliko karibu mikoa yote, wanawake wengi leo huzungumza na wauguzi kuhusu kinga yao bila mkalimani. Istilahi njema hufanya kazi ya namna hiyo.

Hali yenyewe ilivyo

Kuyumba kwa umakini ni hali ya ukuaji wa ubongo inayoanza utotoni. Inarithiwa kwa kiasi kikubwa. Tafiti za mapacha hukadiria kwamba urithi unaeleza takribani robo tatu ya tofauti kati ya watu. Ina sura tatu: ya kuyumba kwa umakini zaidi, ya mhangaiko na papara zaidi, na ya mchanganyiko. Ili daktari aithibitishe kwa mtu aliyefikisha miaka 17, DSM inataka angalau dalili tano katika kundi moja, ziwe zimedumu miezi sita au zaidi, kadhaa kati yake ziwe zilionekana kabla ya miaka 12, zijitokeze zaidi ya mahali pamoja, na ziwe zinaharibu maisha. Kusahau ufunguo mara mojamoja hakuingii humo.

Toleo la 2013 la DSM lilikadiria kwamba hali hii inawapata watoto wapatao asilimia 5 na watu wazima wapatao asilimia 2.5. Utotoni wavulana ni kama wawili kwa kila msichana mmoja. Ukubwani pengo linapungua hadi kama 1.6 kwa mmoja. Sababu mojawapo ya pengo kupungua ni kwamba wanawake wengi hutambuliwa wakiwa watu wazima, kwa kuwa utotoni walipitwa.

Kupitwa kwao kunaeleweka. Msichana wa sura ya kwanza hapigi kelele. Anakaa nyuma, macho dirishani, na katika darasa la watoto wengi mwalimu hushughulika na wanaovuruga. Nyumbani amefundishwa mapema kwamba moto, maji na wadogo zake vinamtazama yeye, hivyo anajifunza kuficha: anaamka kabla ya wote, anarudia kazi mara mbili, anaomba radhi kabla hajaulizwa. Ufichaji huo huhimili hadi mzigo uongezeke. Akishaolewa, akazaa, akawa na shamba na biashara, kengele ya shule na sauti ya mama yake hazipo tena kumpangia siku. Homoni nazo zinahusika: estrojeni hushirikiana na dopamini, kemikali ya ubongo inayosaidia umakini, na wanawake wengi husema dalili huzidi siku chache kabla ya hedhi na karibu na ukomo wa hedhi.

Tuseme mama mmoja ananunua viazi Ipelele na kuviuza Makambako, pale barabara ya Songea inapoungana na ile ya Dar es Salaam kwenda Mbeya. Bei anazijua kwa kichwa, na lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, anaitambua kwa jicho tu. Ana madaftari matatu ya madeni, na kila moja limeandikwa kurasa za mwanzo peke yake. Mteja anamtumia pesa kwa simu wakati anapimisha gunia. Anasema ataandika baadaye, na jioni hakumbuki ni nani aliyelipa. Anakwenda kutafuta kamba, anakutana na jirani, anarudi na mboga. Basi la asubuhi humwacha kwa dakika tano, si kwa uvivu, maana aliamka saa kumi. Muda ulimponyoka mikononi. Usiku amelala, mwili umechoka, mawazo yanakimbizana. Watu wamemwita mzembe na kichwa panzi hadi naye anaamini. Akienda hospitali atalalamikia kukosa usingizi na huzuni, atatibiwa hivyo, na chanzo kitabaki.

Kabla ya kulitumia jina

Jina zuri lisitolewe ovyo. Upungufu wa damu, sonona baada ya kujifungua, kiwewe, pombe ya ulanzi ya kila siku na usingizi mbovu vyote huyumbisha umakini. Tezi la shingo lisilofanya kazi ipasavyo hufanya hivyohivyo, na Nyanda za Juu Kusini zilikuwa na rovu nyingi kabla chumvi yenye madini joto haijaenea. VVU navyo huweza kugusa kumbukumbu. Swali linalotenganisha ni la muda: vingine vina siku vilipoanza; kuyumba kwa umakini kumekuwapo tangu utoto.

Ndiyo maana mazungumzo mafupi yanaweza kufungua mengi:

“Mama, hali hii ilianza lini?”

“Tangu niko shule ya msingi, nesi. Umakini wangu unayumba. Nikianza hili nalikuta lile.”

“Na nyumbani kwenu yupo mwingine wa hivyo?”

“Mwanangu wa pili. Na marehemu baba.”

Nesi aliyepata majibu hayo ana cha kuandika kwenye rufaa, kutoka zahanati hadi hospitali ya wilaya, kisha ile ya mkoa, Njombe, na ikibidi Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Kikwazo ni kwamba mwongozo wa mhGAP wa Shirika la Afya Duniani, ulioandaliwa kwa vituo visivyo na madaktari bingwa, katika toleo lake la 2016 unaiweka ADHD kwenye sura ya watoto na vijana. Mtu mzima hana ukurasa wake.

Kuegemeza umakini

Dawa inayojulikana zaidi ni methilfenideti, iliyotengenezwa mwaka 1944 na mkemia Leandro Panizzon katika kampuni ya Ciba, Uswisi. Jina lake la biashara, Ritalin, lilitokana na mke wa Panizzon, aliyeitwa Rita. Dawa hii huongeza dopamini na noradrenalini zinazopatikana kati ya seli za ubongo. Inadhibitiwa kisheria katika nchi nyingi, huweza kupandisha presha na mapigo ya moyo, na mjamzito au anayenyonyesha hujadiliana kwanza na daktari. Si dawa ya kupewa na jirani.

Msaada mwingine mkubwa haungoji dawa. Kanuni yake ni moja: kisichoshikika kichwani kiwekwe nje, mahali pa kuonekana, wakati uleule. Daftari moja lililofungwa kamba kwenye mzani huandikwa kabla gunia halijashushwa. Hata simu ya kitochi ina kengele. Ilie mara mbili, ya kujiandaa na ya kutoka. Kazi ndefu, kama kuchambua mbegu za viazi, ifanywe na mwenzake kando yake, maana kuwapo kwa mtu hushikilia umakini.

VICOBA, vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, ni mfano mzuri zaidi tulio nao. Siku ya kikao ni ileile kila wiki, sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu, hisa huhesabiwa mbele ya wote, na anayechelewa hutozwa faini papo hapo. Papara ya kutumia pesa inakutana na kufuli. Kusahau kunakutana na macho ya wenzake. Mwanamke aliyeshindwa kutunza akiba peke yake miaka kumi huitunza hapo. Hajabadilika tabia, amepata egemeo.

Familia nayo ina sehemu yake. Mume anayesema “mama watoto, tuandike sasa hivi” anatibu. Anayesema “umesahau tena” anaongeza mzigo.

Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, ndilo lenye kazi ya kusanifu istilahi kama hii, na wauguzi wa vijijini wanapaswa kusikilizwa linapofanya hivyo. Istilahi ya ADHD ipimwe kwa kipimo kimoja: je, mwanamke mtu mzima anaweza kuitamka kuhusu nafsi yake bila kujitukana, na aliye mbele yake akaelewa cha kufanya? Kuyumba kwa umakini kunafaulu kipimo hicho. Kuanze kutumika katika vipindi vya redio, katika mafunzo ya wauguzi na kwenye kadi za kliniki, ili mama wa Ipelele apate jina la kile alichokibeba tangu utoto na msaada unaokwenda nalo.