Point Puer, 1834–1849: Wavulana Waliojenga Kanisa Gerezani

Mnamo Januari 1834 kundi la kwanza la wavulana wafungwa, wapatao 60, lilivushwa kwa mashua kutoka Port Arthur, katika koloni la Van Diemen's Land ambalo leo ni Tasmania, hadi kwenye rasi nyembamba yenye mawe iliyo ng'ambo ya ghuba. Gavana George Arthur alikuwa ameamua kuwatenga na wafungwa watu wazima. Hivyo ndivyo kilivyoanza kituo cha Point Puer, gereza la kwanza la nchi kavu katika himaya ya Uingereza kujengwa kwa ajili ya wavulana peke yao. Lilidumu miaka 15, na wavulana wapatao 3,000 walipitia humo, wengi wao wa miaka 14 hadi 17, na wachache wa miaka 9 au 10 tu. Waliosifu kituo hiki walikiita kazi ya huruma, na sifa hiyo ingali inasikika hadi leo. Mimi naona kimethibitisha jambo ambalo waanzilishi wake hawakulikusudia. Kilionyesha kwamba watoto hao walifundishika, na kwa kuonyesha hivyo kiliondoa sababu yote ya kuwavusha bahari.

Adhabu ya kuhamishiwa ng'ambo haikubuniwa kwa ajili ya watoto. Sheria ya 1718 ndiyo iliyoifanya kuwa jambo la kawaida, wafungwa wakipelekwa Marekani. Makoloni ya huko yalipojitenga, Uingereza iligeukia Australia, na kati ya 1788 na 1868 ilipeleka huko wafungwa wapatao 162,000. Watoto walikumbwa humohumo. Kwa sheria ya Uingereza, mtoto wa chini ya miaka 7 hakuweza kuhukumiwa kwa kosa la jinai, na wa miaka 7 hadi 14 alihesabiwa kuwa hana akili ya kutenda kosa mpaka mshtaki athibitishe kwamba alijua ubaya wa alilofanya. Ulinzi huo haukuwafaa wengi. John Hudson, mtoto aliyefagia mabomba ya moshi, alihukumiwa mwaka 1783 akiwa na miaka 9 kupelekwa ng'ambo kwa miaka 7 kwa wizi wa nguo na bastola. Alipopakiwa katika msafara wa kwanza wa kwenda Australia alikuwa na miaka 13. Baadaye, kuanzia 1825, wavulana waliosubiri safari walirundikwa Chatham ndani ya Euryalus, manowari ya zamani iliyokuwepo katika vita vya Trafalgar, ambamo wakubwa waliwanyang'anya wadogo chakula.

Kwa nini basi Arthur alitaka gereza la peke yao? Utaratibu wa koloni ulikuwa kuwagawa wafungwa kwa walowezi wawafanyie kazi, na mlowezi alitaka mwanamume mwenye nguvu au fundi. Mtoto wa mjini asiyejua jembe wala nyundo hakuna aliyemtaka, akabaki mzigo kwa serikali. Point Puer kilikusudiwa kumfanya atakike. Chini ya Kapteni Charles O'Hara Booth, mkuu wa Port Arthur, wavulana walifundishwa useremala, ushonaji wa nguo na viatu, kuunda mashua, kujalidi vitabu na kuchonga mawe. Kazi yao kubwa ingalipo. Kanisa la Port Arthur lilijengwa miaka ya 1836 na 1837, na sehemu kubwa ya nakshi zake za mawe ilichongwa na wavulana hawa. Moto uliliunguza mwaka 1884 na paa likaisha, ila kuta zimesimama. Mawe yake yamenyooka na kingo zimekwenda sawa; ni kazi ya mikono iliyopimwa kwa pima na kusahihishwa mara kwa mara. Vijana waliosemwa London kwamba hawarekebishiki ndio waliofikia ustadi huo katika muda usiozidi miaka minne tangu kituo kufunguliwa.

Ustadi huo waliupata katika mazingira magumu mno. Rasi ilikosa maji ya kutosha, na udongo wake ulikuwa hafifu. Masomo ya kusoma na kuandika yaliwekwa mwisho wa siku, wanafunzi wakiwa wamechoka na kazi. Wasimamizi wengi walikuwa manyapara, yaani wafungwa wenzao wakubwa, ingawa kituo kilianzishwa ili kuwaepusha watoto na watu wa namna hiyo. Aliyekaidi alifungiwa peke yake kwa mkate na maji, au alichapwa viboko. Mwaka 1843 nyapara mmoja aliuawa, na vijana wawili wakanyongwa kwa kosa hilo. Mwaka huohuo Benjamin Horne, aliyetumwa kukichunguza kituo, alikikosoa vikali, wakati ambapo kilikuwa kimejaa kuliko kilivyowahi kujaa.

Lazima nikiri kwamba si kila kinachosemwa juu ya ukatili wa Point Puer ni kweli. Kisa cha wavulana wawili walioshikana mikono wakajirusha baharini kimetoka katika riwaya ya Marcus Clarke, hakina ushahidi wa kihistoria, na kukirudia ni kuwakosea walioteseka kweli. Wapo pia wanaosema kuvushwa bahari kulikuwa afadhali kuliko kitanzi, na kwamba wengi walifanikiwa. Humtaja Mary Wade, msichana aliyehukumiwa kifo mwaka 1789 kwa kumpora mtoto mwenzake nguo, akapunguziwa adhabu na kupelekwa Sydney. Kevin Rudd, aliyewahi kuwa waziri mkuu wa Australia, ni wa ukoo wake. Mafanikio hayo ni ya kweli, lakini ni ya Mary Wade mwenyewe, wala hayawezi kuhesabiwa kuwa fadhila ya mahakama iliyokuwa tayari kumnyonga. Na anayedai kwamba watu wa zama zile hawakujua njia nyingine atazame Parkhurst, gereza la wavulana lililofunguliwa katika kisiwa cha Wight mwaka 1838. Huko walifundishwa ufundi kama Point Puer, pasipo kuvuka bahari. Cha kusikitisha ni kwamba kuanzia 1842 hata hao wa Parkhurst walisafirishwa hadi New Zealand na Australia. Ikiwa mtoto amekwisha kufundishwa nyumbani, safari hiyo haiwezi kuitwa mafunzo. Nchi iliwaondoa kwa sababu ilitaka kuwaondoa.

Point Puer kilifungwa mwaka 1849, idadi ya wavulana ikiwa imepungua na majengo yakichakaa. Miaka minne baadaye usafirishaji wa wafungwa kwenda Van Diemen's Land ulikoma, na mwaka 1854 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya shule za kurekebisha watoto nchini humo humo. Port Arthur, ambayo ina jina la gavana hadi leo, imo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2010. Miaka 200 ya Point Puer itatimia Januari 2034. Majina ya wavulana yamehifadhiwa katika rejista za wafungwa, pamoja na urefu wao, rangi ya macho na makovu ya miilini mwao. Watakaoandaa kumbukumbu hiyo wayasome majina hayo kwanza, kabla ya kumtaja gavana au mkuu wa gereza.