Mkono wa Paul Weston katika Nyimbo za Johnny Mercer

Katika bendi kubwa za Marekani za miaka ya 1930 na 1940, mpangaji wa muziki ndiye aliyeamua nani apige nini na wakati gani. Akishaletewa wimbo, alimwandikia kila mpigaji karatasi yake: saksafoni ziingie wapi, trombone ziitikie wapi, ngoma zinyamaze lini. Sifa ziliwaendea waimbaji na viongozi wa bendi. Paul Weston alikuwa fundi wa kazi hiyo, na vibao vikubwa alivyoimba mtunzi Johnny Mercer vilipitia mikononi mwake.

Mercer alizaliwa Savannah, Georgia, mwaka 1909. Hakusomea muziki, lakini sikio lake lilinasa usemi wa watu popote ulipo, iwe kanisani, baa au kwenye reli. Hakuwa na haraka na maneno. Yale ya "Skylark", wimbo wa Hoagy Carmichael, yalimchukua miezi mingi. Weston, mzaliwa wa Springfield, Massachusetts, mwaka 1912, alihitimu masomo ya uchumi katika chuo cha Dartmouth kabla ya muziki kumteka. Mwaka 1936 akawa mpangaji wa bendi ya Tommy Dorsey, na mwaka 1940 akaiacha.

Mwaka 1942 Mercer alianzisha kampuni ya kurekodi muziki ya Capitol huko Hollywood pamoja na Buddy DeSylva, mkubwa wa filamu katika Paramount, na Glenn Wallichs, mwenye duka la santuri. Weston alialikwa mapema, akawa mkurugenzi wa muziki. Kampuni ilikuwa bado changa pale chama cha wanamuziki kilipogoma kurekodi kuanzia Agosti 1 mwaka huohuo. Capitol ilikubaliana na chama Oktoba 1943, zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kampuni za Victor na Columbia, na nafasi hiyo iliinufaisha sana.

Wawili hao walikuwa pamoja redioni pia, katika kipindi cha Mercer kilichodhaminiwa na sigara za Chesterfield mwaka 1944. Huko ndiko ulikozaliwa wimbo "Dream". Mercer alikuwa akichezea piano tu, akaangukia mfuatano wa sauti uliompendeza, akampigia Weston. Weston aliusifu na kushauri uwe wimbo wa kipindi. Mercer akautilia maneno yanayotaja pete za moshi, jambo lililomfaa sana mdhamini. Mwaka 1945 kundi la Pied Pipers liliuimba kwa okestra ya Weston, ukashika nafasi ya kwanza Marekani.

Mfano bora wa ushirikiano wao ni "Ac-Cent-Tchu-Ate the Positive", uliorekodiwa Oktoba 1944. Muziki ni wa Harold Arlen, na wazo la maneno Mercer alilipata katika mahubiri ya mhubiri Father Divine. Weston aliupanga wimbo kwa mtindo huohuo wa ibada: Mercer anaanza taratibu kama mhubiri anayewaita waumini, kisha mdundo unashika kasi na Pied Pipers wanamjibu kama ushirika. Yote hayo yalilazimika kuenea katika dakika 3 hivi, kwa kuwa upande mmoja wa santuri ya inchi 10 haukubeba zaidi. Mpangaji asiye na nidhamu angejaza tarumbeta kila penye upenyo. Weston aliacha nafasi.

Wimbo huo uliongoza chati mwaka 1945, ukafuatwa na "Candy", ambao Mercer aliuimba na Jo Stafford, kisha "On the Atchison, Topeka and the Santa Fe", wa muziki wa Harry Warren. Huu wa mwisho ulimpa Mercer Oscar ya kwanza kati ya 4 alizotwaa.

Baadaye njia zao zilitengana. Weston alihamia Columbia, akamwoa Stafford mwaka 1952, na mwaka 1957 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa taasisi inayotoa tuzo za Grammy. Capitol iliuzwa kwa EMI ya Uingereza mwaka 1955. Mercer alifariki mwaka 1976, Weston mwaka 1996. Rekodi za mwaka 1945 bado zinasikilizwa, na ndani yake maneno ya Mercer hayamezwi na ala hata pale bendi nzima inapopiga. Sifa ya hilo ni ya Weston.