Shofa wa barabara ya Uvira–Baraka



Mwezi huu tumezika mzee wetu mmoja, shofa wa zamani. Jina lake sina haja ya kuliandika. Ukisema Mzee Shofa, toka Kalundu mpaka Baraka watu wanaelewa ni nani. Kwenye kilio watu walisimulia sana ubaba wake, watoto tisa na wajukuu hata hesabu imetushinda. Mimi nilikuwa nimeanza kuandika yale aliyokuwa ananiambia jioni nikitoka kwenye kazi ya terrain, na naona ni vizuri sehemu yake iingie hapa. Maana barabara yake ni barabara yetu sisi wote.

Alianza kama konvoyeri, kijana asiye na permi. Vijana wa leo wenye kupanda Howo hawajui kazi ile. Konvoyeri alilala juu ya mzigo ili usiibiwe. Kwenye mteremko wa Ngomo, kati ya Kamanyola na Bukavu, alitembea kwa miguu nyuma ya kamyo akiwa ameshika kabari ya mti, tayari kuitupa chini ya mpira injini ikizima. Akichelewa kidogo, kamyo na shofa wanaenda bondeni. Walipandisha sukari ya Kiliba kwenda Bukavu. Toka Fizi walishusha muhogo, mafuta ya mawese na ndagala. Kwenye bandari ya Kalundu walipakia chumvi, simenti na vitambaa vilivyokuja kwa meli. Toka Uvira mpaka Baraka ni karibu kilomita 90 tu, lakini mvua ikinyesha mito ikijaa, mtu angeweza kula siku tatu njiani. Na juu milimani, Hewa Bora, kulikuwa na maki ya PRP ya Laurent-Désiré Kabila, kwa hiyo shofa aliyebeba chumvi nyingi kuelekea Fizi alipaswa kujieleza vizuri kwa askari.

Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza zaïrianisation. Maduka, mashamba na kamyo za wageni zikapewa Wazairwa. Boss wa Mzee alikuwa mfanyabiashara wa kigeni. Akaondoka, kamyo ikapata mwenyewe mpya. Mzee alisema yule bwana mpya hakuwa mtu mbaya, ila hakujua kwamba kamyo inakula: mafuta, mipira, lame za resori. Pesa ya kwanza ikanunua sherehe. Mwaka haukuisha kamyo ikawa juu ya mawe, mipira imeuzwa. Wasomi wanaandika vitabu juu ya kuanguka kwa uchumi wa Zaire, na mimi nimesoma baadhi yake chuoni. Ile ya kamyo juu ya mawe nimeielewa haraka zaidi.

Baadaye alipata kamyo nyingine ya kuendesha, na akaanza kuweka akiba ndani ya kisanduku, kama wazee wote. Oktoba 1993 serikali ikaleta zaire mpya: moja kwa milioni 3 za zamani. Lakini yeye alikuwa amekwisha kuamka mapema. Kila safari alinunua manjanja mawili, matatu, akaweka chini ya kitanda. Mama alilalamika kwamba hana mahali pa kulaza watoto. Mwishowe yale manjanja yakafunika nyumba ya vyumba vinne.

Akakaa ndani yake miaka miwili hivi. Oktoba 1996 vita ikafika Uvira. Mzee alipakia jamaa, majirani, na watu ambao hakuwajua, akashuka nao mpaka kwenye maji, akaacha kamyo pale kwenye mchanga. Wakavuka ziwa kwa mtumbwi kuelekea Kigoma. Katika vitu alivyobeba kulikuwa na kriki. Mama alimwambia: «Baba Nanii, hicho chuma kitatuzamisha, tupa!» Hakutupa.

Tulikuwa pamoja Nyarugusu, mimi nikiwa mtoto. Wale mliokaa kule mnakumbuka sheria: mkimbizi haruhusiwi kupita kilomita 4 toka kambini bila kibali. Fikirieni mtu aliyezoea Bukavu leo, Baraka kesho, amefungiwa kilomita 4. Wanaume wengi pale walishindwa na kukaa bure, wakaingia pombe. Yeye alikodisha kriki. Kamyo za chakula zilikuwa zinatoboka mipira kwenye ile njia, na mashofa Watanzania wakamjua. Kwa pesa ile alinunua madaftari ya watoto, wa kwake na wa wengine. Daftari langu moja lilitoka kwenye kriki ile.

Meli za kurudisha watu Baraka zilianza Oktoba 2005, na yeye akarudi mwaka uliofuata. Kwenye parsele yake akakuta familia nyingine, watu waliokimbia milimani. Nyumba ilikuwa imebaki kuta, manjanja yamekwenda. Karatasi hakuwa nayo. Mnajua sheria ya ardhi ya Julai 1973 imesema udongo wote ni wa serikali, lakini vijijini kwetu ushuhuda wa majirani na chefu ndio unaosimama. Alingoja ile familia ivune muhogo wake kwanza, misimu miwili. Wana wake wakubwa walikasirika sana, na mpaka leo kuna mmoja anasema baba alikosea. Mimi naona alifanya sawa, kwa sababu walitoka bila panga na bila polisi, na mama wa ile familia alikuja kulia kwenye kilio chetu.

Toka pale tukaanza kumwita kwenye matatizo ya parsele. Wengine walitoa ushuhuda wa ukoo. Yeye alitoa ushuhuda wa mzigo. «Hapa nilishusha manjanja 24. Hapa nilishusha matofali, na mwenyewe alikuwa bado ananidai konvoyeri mmoja amsaidie kupanga.» Makobola, Swima, Mboko, Nundu: nyumba kwa nyumba. Mara mbili nimesikia pande zote mbili zikinyamaza akisema vile.

Jambo moja hakupenda kulizungumza, ni Sange. Julai 2010 kamyo ya mafuta ilianguka pale, watu wakaja kuchota, moto ukawaka, zaidi ya watu 200 wakafa. Alikwenda kusaidia kuzika. Baada ya pale, kila kijana aliyepata permi kwenye avenyi yetu aliitwa nyumbani kwake na kuambiwa: gari la mafuta likianguka, kwanza fukuza watu, hata kwa mawe.

Kwenye kamati yetu zimebaki kesi tatu zilizokuwa zinamngoja yeye, mbili za Mboko na moja ya Swima. Mwaka jana binti yake wa nne alianza kumwandikia yale ya mizigo ndani ya kaye, wakafika karibu na Nundu. Kaye iko kwake. Konvoyeri wa zamani wenye wangali hai, tunajua wako angalau wawili Uvira, tunaomba wamfikie au wapite kwenye biro ya mutualite, ili ile sehemu ya Nundu mpaka Baraka iandikwe.