Grafu Safi, Mgonjwa Kaburini

Samahani kwa kimya changu. Kazi zilinizidi, na sehemu ya kazi hizo niliitengeneza kwa mikono yangu mwenyewe.

Seva moja ninayoitunza ilikuwa ikitoa onyo lile lile kila dakika. Nilikuwa na haraka, basi nikaandika mistari mitatu ya kulinyamazisha. Logi ikawa safi, bosi akafurahi. Siku nne baadaye diski ikajaa na mfumo mzima ukalala. Rafiki yangu anayesomea udaktari aliponisikia nikilalamika alicheka, akaniambia: "Wewe umeua seva tu. Madaktari waliua watu kwa njia hiyo hiyo. Tafuta habari za CAST." Nikatafuta, na tangu hapo sijalala vizuri.

Tuanze na mashine. Moyo huendeshwa na umeme. Mwaka 1887 Augustus Waller, kule London, aliupima umeme huo kutoka juu ya ngozi, ila picha yake haikuwa wazi. Kisha Willem Einthoven wa Leiden, Uholanzi, akaunda chombo chenye uzi mwembamba sana uliotikisika katikati ya sumaku. Mashine yake ilikuwa na uzito wa kilo 270 hivi, na mgonjwa alitumbukiza mikono na mguu katika ndoo za maji ya chumvi! Herufi P, Q, R, S na T tunazoziona kwenye karatasi ya ECG hadi leo ni zake. Alipata tuzo ya Nobel mwaka 1924.

Baadaye Mmarekani Norman Holter akataka mtu apimwe akiendelea na shughuli zake. Chombo chake cha kwanza kilibebwa mgongoni, kilo 38 hivi. Kilipopunguzwa, madaktari wakaweza kurekodi mapigo ya siku nzima. Kwa lugha yetu, walipata logi.

Na logi ilikuwa imejaa maonyo. Watu wengi waliopona mshtuko wa moyo walikuwa na mapigo ya ziada, yanayoruka foleni kutoka vyumba vya chini vya moyo. Ilijulikana pia kwamba wenye mapigo hayo kwa wingi walikufa ghafla zaidi kuliko wenzao. Dalili ya mvua ni mawingu, si ndiyo? Basi wakasema: tuyafute mawingu. Katikati ya miaka ya 1980 Marekani iliidhinisha dawa mbili, flecainide na encainide, zilizoyafuta vizuri ajabu. Grafu zikanyooka.

Lakini je, watu waliishi zaidi? Hakuna aliyekuwa amepima. Mwaka 1987 utafiti ulioitwa CAST ukaanza kuandikisha wagonjwa. Wapo madaktari waliouona kama ukatili: utamnyimaje mgonjwa dawa inayofanya kazi? Kila aliyegawiwa kundi alikuwa kwanza amejaribiwa, ikaonekana dawa inayapunguza mapigo yake ya ziada. Halafu kwa bahati nasibu, watu 755 wakapewa moja ya dawa hizo mbili, na 743 tembe zisizo na dawa.

Aprili 1989 dawa hizo mbili zikasimamishwa kabla ya wakati. Hesabu ya mwisho, baada ya wastani wa miezi 10: waliokunywa dawa walikufa 63, waliokunywa tembe tupu walikufa 26.

Soma tena tarakimu hizo. Grafu ilikuwa safi, na vifo vilikuwa zaidi ya maradufu.

Kwa nini? Dawa hizi huziba njia za sodiamu kwenye chembe za moyo, na umeme hupita polepole. Katika moyo wenye kovu, umeme uliochelewa unaweza kuzunguka kovu na kurudi ulikotoka, tena na tena. Sisi tunaita kitanzi kisicho na mwisho. Moyo hutetemeka badala ya kusukuma damu, na mtu huanguka.

Encainide iliondolewa sokoni mwaka 1991. Flecainide bado inatumika, lakini kwa wagonjwa waliochaguliwa, hasa wenye mapigo ya vyumba vya juu yaliyovurugika na ambao moyo wao hauna kovu. (Kwa hiyo tafadhali usiache dawa yako kwa sababu ya makala ya mtu wa kompyuta. Muulize daktari wako.)

Kinachoniuma ni kwamba kila daktari, peke yake na mgonjwa wake, aliona mafanikio. Mgonjwa akifa, alisema moyo ulikuwa mbovu tangu awali. Bila kundi la kulinganisha, kosa lile lisingeonekana kamwe.

Ile mistari yangu mitatu nimeifuta. Onyo limerudi, na safari hii nalisoma.

Wewe umewahi kunyamazisha onyo gani? Niandikie. Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.