Kemia ya ubongo na uwekaji akiba wa chakula kwa chikadi

Chikadi wa utosi mweusi (Poecile atricapillus) ni ndege mdogo wa misitu ya Amerika ya Kaskazini ambaye huweka akiba ya mbegu na wadudu, hasa katika majira ya kupukutika kwa majani. Kila punje hufichwa mahali pake, kwa mfano katika nyufa za magome ya miti, na ndege huweza kukumbuka maficho hayo kwa takriban wiki 4.

Kumbukumbu hiyo hutegemea hipokampasi, sehemu ya ubongo ambayo kwa uwiano ni kubwa zaidi kwa ndege waweka akiba kuliko kwa wengi wasio na tabia hiyo. Ikiharibiwa, ndege huendelea kuficha chakula lakini hushindwa kukipata tena. Utafiti wa mwaka 1994 ulionyesha kuwa seli mpya za neva huongezeka humo kwa wingi mwezi Oktoba.

Kotikosteroni, homoni ya tezi za adrenali, nayo huchangia. Katika majaribio kwa chikadi wa milimani (Poecile gambeli), ongezeko lake la wastani na la muda mrefu lilizidisha ulaji, uwekaji akiba na uwezo wa kukumbuka mahali.