Tumba na Maneno: Mdundo wa Kuba katika Muziki wa Tanga

Mkonge ulioletwa na Richard Hindorf mwaka 1893 ulisafirishwa kutoka Florida, ingawa asili yake ni Yucatán, nchini Meksiko. Miche 62 tu ndiyo iliyonusurika, ikapandwa Kikokwe, karibu na Pangani. Miongo minne baadaye pwani hiyohiyo ilimpokea mgeni mwingine kutoka upande ule wa dunia, naye alikuja ndani ya sahani za santuri. Kuanzia mwaka 1933 Kampuni ya Gramophone ilianza kuuza Afrika mfululizo wa sahani uliojulikana kwa herufi GV, zenye nyimbo za Kuba. Miongoni mwa za mwanzo ulikuwamo “El Manicero”, uliorekodiwa New York mwaka 1930 na okestra ya Don Azpiazú.

Wasikilizaji wake hapa hawakuwa watu wa mjini peke yao. Mtu akitoka Tanga kwa barabara ya Pongwe huingia katika nchi ya mkonge, na mkonge uliishi kwa jasho la manamba. (Neno hili, lililotokana na namba aliyopewa kila kibarua, linastahili mhadhara wake.) Manamba walitoka mbali, Wanyamwezi wakiwa wengi miongoni mwao, na si ajabu kwamba bendi moja mashuhuri ya Tanga iliitwa Young Nyamwezi kabla ya kuwa Jamhuri Jazz. Humo ndimo walimopitia ndugu Wilson na George Kinyonga, ambao baadaye waliunda Simba Wanyika nchini Kenya. Kwa watu waliotoka makwao mbalimbali, rumba ilikuwa na faida moja kubwa: haikuwa ngoma ya kabila la mtu yeyote.

Morogoro nako, Salum Abdallah alianzisha bendi ya La Paloma, kisha Cuban Marimba, na husimuliwa kwamba katika ujana wake alikwenda Mombasa akitafuta meli ya kumfikisha Kuba. Alifariki katika ajali ya gari mwaka 1965.

Lakini hatua ya ujasiri zaidi ilipigwa Tanga, tena na watu wa taarabu. Katika miaka ya 1960 Black Star Musical Club hawakufuata mfano wa okestra kubwa za Unguja zenye fidla nyingi na kanuni. Walichukua gitaa na gitaa la besi kutoka kwenye dansi, na pamoja navyo midundo ya rumba na chacha. Ni rahisi kudhani kwamba walibadilisha vyombo tu. Katika muziki wa Kuba vijiti viwili hugongwa mara tano, tatu kisha mbili, na wapigaji wengine wote, wa tumba hata wa besi, hupanga sauti zao kwa mujibu wa mapigo hayo. Shairi la taarabu nalo lina hesabu yake ya mizani na vina. Mpangaji muziki alilazimika kuzipatanisha hesabu mbili bila kuivunja hata moja. Sauti ya Shakila Saidi, mzaliwa wa Pangani aliyeimba Black Star na baadaye Lucky Star, inadhihirisha kwamba walifaulu: kina kinatua mahali pake, na mguu wa msikilizaji nao unatikisika.

Wapo walioona kwamba taarabu hiyo imeharibiwa na ugeni. Hoja hiyo ni dhaifu, lakini jibu linalotolewa mara nyingi ni dhaifu vilevile. Husemwa kwamba “mambo”, jina la muziki wa Kuba, ni Kiswahili kilichorudi nyumbani. Sivyo. Asili inayotajwa zaidi ni Kikongo, ambamo “mambu” ni maneno au masuala. Kufanana kwake na “mambo” yetu kunatokana na ukoo wa Kibantu. “Bongo” ya ngoma na “bongo” ya kichwani hazijathibitishwa kuwa na undugu wowote. Watu wa Tanga hawakuhitaji hati ya ukoo ili waipige tumba. Waliisikia, wakaijaribu, wakaichagua, kama washairi wa kale walivyochagua maneno ya Kiarabu yaliyowafaa na kuyaacha mengine.

Sahani zao zilitolewa Kenya, na mtindo wao ukaigwa Mombasa. Mwaka 1989 nyimbo za Black Star na Lucky Star zilikusanywa katika albamu moja iliyotolewa London kwa jina la “Nyota”. Shakila alifariki mwaka 2016.