Mnada wa Uwanjani: Kutoka Sadaka ya Mazao hadi Meza ya Vyombo

Historia ya Kanisa huandikwa zaidi kwa majina ya wachungaji, tarehe za ubatizo na mawe ya msingi. Hata hivyo, yako mambo yaliyojenga Kanisa ambayo hayakuchongwa katika jiwe lolote. Mojawapo ni mnada wa uwanjani baada ya ibada, ambapo jogoo, debe la mahindi, sufuria iliyokwisha kutumika na kitenge hugeuka kuwa bati na saruji. Sura hii inaeleza asili ya desturi hiyo na taratibu zinazoifanikisha, kwa kuzingatia mazingira ya Kibaoni, katika nchi ya Mpimbwe, mkoani Katavi.

Chanzo chake ni uhaba wa fedha taslimu. Kodi ya nyumba iliyotangazwa na serikali ya Wajerumani mwaka 1897 ilidai rupia 3 kwa nyumba ya kijijini, na rupia chache zilizomfikia mkulima ziliishia kwa mtoza kodi. Aliyetaka kumtolea Mungu alileta alichokuwa nacho: mtama, maharage, mayai au mbuzi. Lakini fundi halipwi misumari kwa mayai. Ilibidi sadaka hiyo iuzwe, na wanunuzi wa karibu walikuwa waumini wenyewe.

Haja hiyo ilizidi pale wamisionari wa Kijerumani walipoondolewa nchini mara mbili, kwanza kutokana na Vita Kuu ya Kwanza, na tena Vita Kuu ya Pili ilipozuka mwaka 1939. Wakristo wenyeji wakabaki na makanisa, shule na zahanati za kutunza. Hivyo, makanisa saba yalipoungana tarehe 19 Juni 1963 kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, kujitegemea hakukuwa neno geni kwao.

Katika Mpanda, jina la Walutheri lilijulikana pia kwa huduma ya wakimbizi. Shirika la Kikristo la kuhudumia wakimbizi, TCRS, lililoanzishwa mwaka 1964 chini ya Shirikisho la Walutheri Duniani, lilishiriki kuwapokea Warundi katika makazi ya Katumba na Mishamo miaka ya 1970. Huduma ya namna hiyo inatukumbusha kanuni ya kwanza ya mnada: kugawa na kuuza ni mambo mawili. Nguo iliyotolewa ili imvike mhitaji haiwekwi mezani kwa mnadi, hata kama kamati ina shida ya fedha.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 maduka yalikuwa matupu, na vazi la mtumba, ambalo watu waliliita kwa utani "kafa Ulaya", lilikuwa mali ya thamani. Masharti ya biashara yalipolegezwa katikati ya miaka hiyo, marobota yalienea masokoni. Vyombo na nguo vikaongezeka majumbani, na baadhi vikapata njia ya kufika katika meza ya mnada, kando ya mazao.

Kwa mkazi wa Kibaoni, neno "mnada" humkumbusha kwanza gulio la ng'ombe. Kule mnunuzi hushindana na muuzaji ili bei ishuke. Uwanjani mwa kanisa mnunuzi hushindana na mnunuzi mwenzake ili bei ipande, na pengine aliyeshinda hukirudisha kitu mezani kiuzwe tena, au humkabidhi mgeni kama zawadi. Yai moja laweza kuuzwa mara tatu na lisiondoke mezani.

Mnada wa namna hiyo haufanikiwi kwa bahati. Kwanza, siku ichaguliwe baada ya mvua kuisha na mpunga na mahindi kuvunwa, wakati mkulima ana kitu cha kuleta na fedha ya kununulia. Mtendaji wa kijiji apewe taarifa, na madhehebu jirani yaalikwe. Pili, vitu vipokelewe mapema, viandikwe daftarini, na kila kimoja kipewe namba. Redio ijaribiwe na sufuria ioshwe, kwa maana kitu kichafu humwaibisha aliyekitoa. Tatu, mnadi awe mcheshi lakini mwenye staha. Aanze na vitu vidogo ili watu wazoee kutaja bei, avilete vikubwa umati ukiwa bado mzima, wala asingoje jua la saa nane liwatawanye.

Nne, mkono unaonadi usiwe mkono unaopokea fedha. Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 12, tunasoma jinsi fedha ya kutengeneza nyumba ya Bwana ilivyohesabiwa na watu wawili, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu. Utaratibu huo haujachakaa. Siku hizi ambapo wengi hulipa kwa simu, namba itangazwe kwa jina la usharika, si la mhazini. Jumapili inayofuata hesabu isomwe mbele ya wote: kilichopatikana, kilichotumika na kilichobaki. Aliyeahidi bila kulipa aendewe nyumbani na mzee wa kanisa. Jina lake lisisomwe madhabahuni.

Lakini liko jambo zito kuliko hesabu. Mjane aliyeleta vikombe viwili vya karanga huona karanga zake zikinunuliwa kwa bei ambayo yeye mwenyewe asingeweza kuilipa. Je, huondoka akiwa ameheshimiwa au ameachwa nje? Torati ilimwamuru mwenye shamba asirudi kuchukua mganda aliousahau, bali amwachie mgeni, yatima na mjane. Kwa roho hiyo hiyo, inafaa kabla ya mnada kutenga meza ya bei ndogo zisizopanda, yenye sare za shule, sahani na nguo za watoto, na karanga za mjane zitangazwe kwa heshima ileile ya beberu la tajiri.

Fedha inayopatikana hujenga ukuta, na ukuta huo utasimama miaka mingi. Lakini mnada uliofanikiwa ni ule ambao aliyetoa, aliyenunua na asiyekuwa na kitu hurudi nyumbani kwa njia moja wakizungumza, na Jumapili inayofuata wote watatu wanaonekana tena ibadani.